Mlima upi, kiatu kipi: maswali tunayoulizwa kuhusu kupanda milima ya Mbeya, Rungwe, Makete na Iringa

Mvua zikianza kukatika, simu yangu hujaa maswali yale yale: wapi pa kuanzia, viatu vinunuliwe wapi, Rungwe inachukua saa ngapi. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa watu. Natembea milima hii na kikundi kidogo cha marafiki wa Mbeya, watu wenye kazi zao wiki nzima na Jumamosi moja ya kupumulia. Kama huna muda wa kusoma yote, soma swali la kwanza na lile la viatu.

Ndiyo kwanza naanza. Nianze na mlima gani?

Anza na mlima utakaoweza kuushuka. Watu wengi huulizia kupanda tu, kwa sababu wanaogopa kukatikiwa na pumzi. Lakini pumzi ikikatika unakaa kwenye jiwe, unakunywa maji, baada ya dakika tano imerudi. Magoti yakishaanza kutetemeka njiani kurudi, hayapoi mpaka kesho yake, na bado mbele yako kuna saa mbili za udongo wenye utelezi. Karibu kila mtu niliyewahi kumfunga bandeji milimani alikuwa anashuka.

Kwa mtu wa Mbeya, safari yangu ya kwanza ya kupendekeza ni Ziwa Ngozi. Unapanda daladala za Tukuyu, unashuka kwenye njia panda ya kuelekea ziwani, na bodaboda inakufikisha ukingoni mwa msitu. Kutoka hapo ni kama saa moja, au moja na nusu kwa mwendo wa kupumzikapumzika, kwenye kivuli cha miti mirefu. Kipande cha mwisho ni kikali, unashika mizizi kwa mikono. Halafu msitu unafunguka ghafla, na ziwa liko chini yako kabisa, limezungukwa na kuta za kreta, lile shimo la volkano ya zamani, pande zote, limetulia. Ukingo uko kwenye mita 2,600 hivi, kwa hiyo chukua sweta hata kama Uyole umeacha jua. Kushuka mpaka majini sikushauri kwa safari ya kwanza. Ukuta ule ni mkali, na kuupanda tena ukiwa umechoka ni habari nyingine.

Aliyeko Tukuyu anaweza kuanza kwa kutembea tu kati ya Daraja la Mungu na Kijungu, kwenye mto Kiwira. Aliyeko Iringa mjini aanze na Gangilonga, lile jiwe la juu ya mji. Kupanda ni muda mfupi, jioni unaona mji wote, na unajifunza kama kiatu chako kinashika kwenye mwamba mkavu. Isimila nayo ni nzuri kwa miguu migeni, kama kilomita 20 kutoka mjini, unatembea katikati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, mahali palipookotwa zana za mawe za watu wa kale.

Nitajuaje niko kiwango gani?

Usijipime kwa umri wala kwa unene. Nimeongozana na mama wa miaka hamsini na mbili anayelima viazi Uporoto, akawaacha vijana wa mazoezi nyuma kabisa.

Kipimo changu ni asubuhi ya pili yake. Nenda Ngozi, rudi, lala. Kesho yake shuka ngazi za nyumba yoyote yenye ghorofa. Kama unashika ukuta kwa mikono miwili, bado wewe ni wa kuanza, na si aibu. Rudi tena baada ya wiki mbili. Kama unashuka kawaida na mapaja yanauma kidogo tu, wewe umezoea, unaweza kwenda kilele cha Mbeya. Ukishafanya kilele cha Mbeya mara mbili au tatu, mara moja ukiwa umenyeshewa, na bado unashuka ngazi vizuri kesho yake, hapo tuzungumzie Rungwe.

Jambo la pili ni hesabu ya muda. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Mimi naitumia kwenye nyasi za Kitulo na inakaribia ukweli. Ndani ya msitu wa Rungwe naizidisha mara mbili, kwa sababu ya matope, magogo na mianzi iliyolala njiani. Mtu ambaye hesabu hiyo inampa saa kumi, na yeye hajawahi kutembea zaidi ya saa nne mfululizo, mlima huo si wa mwaka huu.

Nimeshazoea. Milima ya kati ni ipi?

Kilele cha Mbeya, chenye mita 2,800 na ushee, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 1,000 kama ukianzia chini. Njia iko wazi, unaona unakokwenda, na huo ndio uzuri wake na ubaya wake pia: jua la saa sita halina pa kujificha, na upepo wa kwenye mgongo wa mlima karibu na kilele unasukuma mtu. Vaa kofia inayofungwa chini ya kidevu.

Loleza ni jirani yake, ni fupi zaidi, na inaanzia karibu na mji. Juu kuna minara ya mawasiliano, kwa hiyo uliza kwanza mwisho wa kufika ni wapi. Sisi tunaitumia kama mazoezi ya Jumapili asubuhi, tunapanda mpaka begani kwake na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Kitulo ni tofauti. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua na mimea yake. Uwanda wote uko juu, kwenye mita 2,600 hivi, na kutembea kwenyewe ni kwepesi, vilima laini vya nyasi. Ugumu wake ni baridi, upepo na umbali. Ukitokea Chimala unapanda ile barabara ya kona hamsini na saba mpaka Matamba, na hiyo peke yake inatosha kumchosha mtu mwenye kichefuchefu cha gari.

Kwa watu wa Iringa na wanaotokea Morogoro kuna Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Maporomoko ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170, na mzunguko wake ni kama saa nne. Huku shida hugeuka: Mang'ula iko chini, kuna joto la jasho, na adui ni kiu. Lita mbili za maji zinazokutosha Mbeya, Sanje zifanye tatu. Ukitaka kitu kikubwa zaidi, njia ya Mwanihana ni ya siku tatu, kilomita 38, na unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo.

Rungwe ni ngumu kweli, au watu wanatisha tu?

Ni ngumu kweli. Kilele kiko karibu mita 2,960, na unapita shamba, msitu mzito, mianzi, kisha nyasi na vichaka vya juu, karibu zote kwenye unyevu. Miteremko yake ya kusini mashariki inapata mvua hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Tenga saa kumi za kwenda na kurudi.

Nieleze kilichotupata, maana ndicho kilichonifundisha. Tulikuwa watano. Tulianzia upande wa Misheni ya Rungwe, ile iliyoanzishwa na Wamoraviani mwaka 1891, lakini gari letu la kukodi lilichelewa na tukaanza kutembea saa tatu asubuhi badala ya kumi na mbili. Tulifika kileleni saa nane na nusu. Ukungu ulikuwa umefunga, hatukuona hata Tukuyu. Wakati wa kushuka mvua ikaanza. Mmoja wetu alivaa jinzi. Ikanywa maji ikawa nzito, ikamganda mapajani, akawa hawezi kuinua mguu kuvuka gogo bila kushika suruali kwa mkono. Giza lilitukuta bado tumo ndani ya mianzi, na tochi ilikuwa moja kwa watu watano. Tulishuka kama kipofu na mwongozaji wake: wa mbele anamulika, anasimama, anageuka kuwamulikia wa nyuma, mmoja baada ya mwingine. Kiongozi wetu, mzee wa kijijini, alikuwa akiimba taratibu kwa Kinyakyusa muda wote ili wa mwisho asipotee. Tulifika saa tatu usiku. Buti zangu zilikuwa fupi, na vidole gumba vyote viwili vilikuwa vimegonga mbele kwa saa sita. Kucha zikawa nyeusi, na baada ya mwezi zikang'oka.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja isiyojadiliwa. Saa saba mchana ikifika, tunageuka, hata kama kilele tunakiona. Na kila mtu anabeba tochi yake ya kichwani, si ya simu.

Usipande Rungwe bila kiongozi wa pale pale. Njia za wakata kuni na za zamani za wawindaji zinapishana, na kwenye ukungu zote zinafanana. Ukitembea kimya unaweza kubahatika kumwona kipunji, aina ya nyani wa misitu hii. Wanasayansi walimtambua huku mwaka 2003, na miaka mitatu baadaye akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake peke yake la kisayansi, yenye jina la mlima huu. Wazee wa Rungwe walikuwa wakimjua siku zote.

Kilele kirefu zaidi kusini ni Rungwe au Mtorwi?

Vinapishana kwa kitu kama mita moja, na ramani nyingi zinaipa Mtorwi, ndani ya Kitulo, mita 2,961. Kwa mguu wako hakuna tofauti. Mtorwi ni rahisi zaidi, kwa sababu unaanza ukiwa tayari uko juu.

Viatu: ninunue buti gani, na wapi?

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, iwe viatu. Koti unaweza kuazima, begi la shule linabeba chapati na maji vizuri tu, lakini kiatu cha mtu mwingine kinajua mguu wa mtu mwingine.

Wengi wetu tunanunua mitumba, Mwanjelwa na SIDO kwa Mbeya, Mlandege kwa Iringa. Buti nzuri zinapatikana kabisa, ila kuna mtego mmoja ambao umewapata watu wengi. Buti iliyokaa stoo Ulaya miaka kumi inaweza kuonekana mpya, ngozi inang'aa, soli haijalika hata kidogo. Kumbe ile soli ya kati, ile laini iliyo kati ya ngozi na mpira wa chini, imeoza kwa unyevu wa hewa. Inaoza hata kama haijavaliwa. Tena ambayo haijavaliwa huoza upesi zaidi. Rafiki yangu alinunua pea ya namna hiyo, akapanda nayo kilele cha Mbeya. Soli ya kushoto iliachia tulipokuwa tunakaribia juu, ya kulia ikafuata nusu saa baadaye. Alishuka soli zimefungwa kwa kamba za begi, anapiga hatua kama mtu anayetembea juu ya mayai.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Geuza buti pembeni, tafuta ule mstari wa soli ya kati, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba kwa nguvu. Kama ukucha unaacha alama inayorudi, sawa. Kama inabaki shimo, au unatoka unga kama makombo ya biskuti, rudisha kwenye meza. Kisha shika mbele na kisigino uikunje: ipinde pale vidole vinapopinda, isipinde katikati kama sambusa. Ukisikia sauti ya kupasuka ndani, rudisha pia.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubebe soksi nene utakazovaa mlimani. Vaa, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, halafu jaribu kuingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia vizuri, saizi ni hiyo. Sasa tafuta mteremko wowote hapo sokoni, hata ngazi za duka, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, acha, hata kama bei ni ya kuokota. Kucha zangu mbili zinakwambia.

Ukipata buti nzuri yenye gundi iliyolegea, usiitupe. Fundi viatu wa mtaani akiishona soli kuzunguka pande zote kwa uzi mnene, hudumu kuliko ilivyotoka kiwandani. Mwambie ashone kabla ya safari, usingoje iachie.

Kwa Ngozi, Gangilonga na Isimila, raba zenye meno chini zinatosha kabisa. Buti inayofunika kifundo anza kuifikiria unapokwenda kilele cha Mbeya na kuendelea.

Wenyeji wanapanda na gambuti. Na mimi je?

Kwenye matope ya Ngozi na chini ya Rungwe, gambuti ni kiatu cha maana, usimcheke anayeivaa. Vaa soksi mbili, ya ndani nyembamba. Lakini mguu unaelea ndani yake, na kwa kushuka saa tano malengelenge hayakosi. Mwenyeji ameizoea tangu utoto.

Kwenye mitumba kuna makoti na vifaa vya watu wanaoteleza kwenye theluji. Vinatufaa?

Baadhi ni bahati kubwa, baadhi havitufai hata bure. Mabelo yanatoka nchi zenye theluji, kwa hiyo Mwanjelwa unakuta koti ambalo bado lina kile kikaratasi cha tiketi ya mlimani kinachoning'inia kwenye zipu.

Koti lenyewe ni zuri sana kwetu, kama bado linazuia maji. Ndani kuna namba mara nyingine, 10,000 au 20,000. Hiyo ni kimo cha maji kwa milimita ambacho kitambaa kinaweza kukihimili kabla hakijavuja, na 10,000 kwa Rungwe inatosha. Lakini namba ni ya siku lilipokuwa jipya. Mimi huwa naenda na chupa ya maji. Namwomba dada muuzaji ruhusa, naikunja mikono ya koti iwe kama bakuli, namimina maji kidogo ya kujaa kiganja, nangoja. Nikisubiri namtazama usoni, maana wauzaji wengine huanza kucheka na wengine huanza kupunguza bei. Maji yakisimama kama shanga na kuviringika, safi. Yakikaa tu bila kupenya, bado linafaa, linahitaji dawa ya kuzuia maji au mshumaa wa kupaka kwenye mabega. Ukigusa upande wa ndani ukakuta unyevu, acha. Geuza koti ndani nje pia: mishono iwe imebandikwa utepe, na ule utando wa ndani usiwe unabanduka kama magamba ya samaki. Ukishaanza kubanduka haukarabatiwi.

Chagua lisilo na pamba nene ndani. Yale mazito yametengenezwa kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha kamba anapandishwa juu bila kutoa jasho. Sisi tunapanda kwa miguu, tunalowa kwa jasho kabla ya mvua. Koti jepesi la nje na sweta ya sufu ndani, unavua na kuvaa kadiri unavyotaka. Zipu za makwapani ni za kuingiza hewa. Ukizikuta, mshukuru Mungu. Ile sketi ndogo yenye mpira kiunoni ni ya kuzuia theluji isiingie, na kwenye upepo wa Kitulo inafanya kazi ile ile.

Glavu zao chukua, hasa ukienda Makete mwezi wa sita au wa saba. Suruali zao ni nzito mno kwa kutembea, ila kwa kulala kwenye hema Kitulo ni nzuri. Zile buti ngumu za plastiki zenye vibano usizinunue kabisa, hata kama muuzaji anakwambia ni za mlimani. Zimetengenezwa zisikunjike ili mguu ushikamane na ubao wa kutelezea. Hatua mia moja tu ndani yake na mfupa wa mbele wa mguu unauma. Miwani yao mikubwa waachie waendesha bodaboda.

Fimbo inasaidia, au ni pambo?

Inasaidia magoti wakati wa kushuka kuliko dawa yoyote. Zile fimbo nyepesi za mtumba za kuteleza kwenye theluji zinatumika, ila hazirefuki wala kufupika. Simama, shika, kiwiko kikunjike mraba. Iwe ndefu kidogo kuliko hapo, kwa sababu kazi yake kubwa ni mteremko. Usikate mwanzi ndani ya hifadhi. Mti wa mkaratusi kutoka kijijini unatosha.

Ni miezi gani mizuri?

Inategemea unataka nini. Kutembea kukavu ni Juni hadi Oktoba. Juni, Julai na Agosti anga ni safi na baridi ni kali. Usiku Kitulo na Makete joto hushuka chini ya sifuri na asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, zinapasuka chini ya kiatu. Septemba na Oktoba kunakuwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, huoni mbali.

Maua ya Kitulo yanakuja na mvua, Desemba hadi Aprili. Kuna aina 45 hivi za okidi peke yake. Nenda ukijua utalowa, na ujue hayang'olewi. Mizizi ya okidi za huku imechimbwa miaka mingi na kupelekwa Zambia, ambako inapikwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya uwanda huu kulindwa. Nikimwona mtu anang'oa ua moja apige nalo picha, moyo unaniuma.

Nitaumwa kichwa kwa ajili ya urefu?

Shida ya urefu huanza kwa baadhi ya watu juu ya mita 2,500. Mkazi wa Mbeya au Njombe mara nyingi hasikii kitu. Aliyetoka Dar na basi la usiku, akaunganisha moja kwa moja, anaweza kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula. Lala usiku mmoja Mbeya au Tukuyu kwanza.

Kinachonitia hofu zaidi ni baridi ya mtu aliyelowa. Kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na nguo za pamba zikilowa kwenye upepo zinamnyonya mtu joto. Mwenzako akianza kutetemeka bila kuacha, kisha maneno yakaanza kumganda mdomoni na anajikwaa kwenye njia nzuri, msiendelee. Mvueni vya maji, mvalisheni vikavu, mpeni kitu cha sukari kama anameza vizuri, mkae naye mwili kwa mwili, kisha mshuke. Beba fulana moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiiguse mpaka iwe lazima. Kwa dharura piga 112, au 114 kuwapata Zimamoto na Uokoaji. Lakini mtandao milimani ni wa kubahatisha, kwa hiyo waachie watu wa nyumbani jina la njia na saa ya kurudi.

Kutoka Kitulo mpaka Matema kwa miguu, inawezekana?

Inawezekana, siku kadhaa, na ni safari nzuri kuliko zote ninazozijua. Lakini ni ya wakongwe, na nirudi pale pale nilipoanza: ni ya kushuka. Unatoka mita 2,600 unaporomoka na safu ya Livingstone mpaka Ziwa Nyasa, lililo kama mita 475 tu. Unaanza umevaa glavu, unamaliza unatamani kuvua fulana. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kabla ya mteremko mkubwa, kaa chini, legeza kamba za kiatu juu ya vidole, kaza sana kwenye kifundo, ili mguu usisogee mbele. Fanya hivyo tena kila baada ya saa moja.

Watoto waanze na miaka mingapi?

Gangilonga na Daraja la Mungu hata wa miaka sita, ukimshika mkono pembeni ya maji na miamba. Ngozi nasubiri wafike kumi hivi, kwa ajili ya kile kipande cha mwisho. Mtoto asilazimishwe kilele. Akisema amechoka, mnakula karanga mnarudi.

Kiongozi na kiingilio?

Kitulo na Udzungwa ziko chini ya TANAPA (Hifadhi za Taifa), Rungwe na Ngozi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza ofisini kwao kabla ya kuondoka, upate namba ya malipo ukiwa bado una mtandao. Kiongozi wa kijijini mlipe mliyokubaliana na umpe chakula sawa na chako. Msalimie kwanza kwa heshima, mwambie ukweli kuhusu uwezo wa kila mtu kwenye kundi, na akisema turudi, mrudi.

Nimepata safari ya Ulaya na nataka kujaribu kuteleza kwenye theluji. Nichague kilima gani?

Kodi vifaa, usinunue. Mbao za kujifunzia ziwe fupi, kimo cha kidevu hivi, na fundi wa pale akurekebishie vibano kwa uzito, urefu na uwezo wako. Usimdanganye kuhusu uwezo, maana vibano hivyo ndivyo vinavyoachia mguu unapoanguka. Vaa helmeti. Njia hutofautishwa kwa rangi: Austria na Uswisi buluu ni ya wanaoanza, nyekundu ya kati, nyeusi ya mabingwa. Ufaransa ina pia kijani chini ya buluu. Marekani kijani ndiyo ya mwanzo na buluu tayari ni ya kati, kwa hiyo aliyejifunza rangi za upande mmoja asizihamishie upande mwingine. Chukua mwalimu siku ya kwanza. Karibu zaidi na nyumbani kuna Afriski, Lesotho, kwenye mita zaidi ya 3,000, msimu wake ni Juni hadi Agosti. Mapaja uliyoyajenga kwa kushuka kilele cha Mbeya yatakusaidia sana huko.

Nikirudi, buti nizifanyeje?

Ondoa matope siku hiyo hiyo kwa maji baridi na brashi, toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti makavu na uyabadilishe asubuhi. Zikauke kivulini penye hewa. Usiziweke karibu na jiko la mkaa wala juani mchana kutwa, gundi italegea na ngozi itapasuka. Zikishakauka, paka mafuta ya ngozi kidogo kwenye mikunjo, na bonyeza tena soli ya kati kwa ukucha kabla hujaziweka kabatini.